Binti yangu aliuliza Yesu alimwomba nani Gethsemane, nikamfokea

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Ipagala hapa Dodoma na mke wangu na watoto wetu watatu. Ni mzee wa kanisa, na Jumapili ambayo mchungaji ana ibada mtaa mwingine huwa naongoza mimi. Nayasema haya ujue kwamba si mtu wa kubahatisha dini.

Shida yangu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Tumefanya biashara pamoja miaka sita. Yeye yuko Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, ananunua alizeti kwa wakulima. Mimi napokea huku mjini, nakamua na kuuza mafuta. Hatujawahi kuandikiana hata karatasi moja, tunaaminiana tu. Mwanangu wa mwisho ana jina lake.

Tangu mwaka jana alianza kujifunza Biblia na watu waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Nilifurahi, maana zamani alikuwa mtu wa kilabuni na sasa pombe ameacha kabisa. Basi mwezi wa sita alikuja kwetu. Tulikula, mama mkwe yupo, na majirani wawili. Nikaomba sala ya kumalizia, nikasema "katika jina la Yesu, Mungu wetu." Watu wote wakaitika Amina, yeye kimya. Nikamuuliza, kulikoni? Akasema Yesu ni Mwana wa Mungu, ni mungu kwa m ndogo, lakini si Mungu Mwenyezi.

Bibi, yule kijana alikuwa amejiandaa. Akanisomea Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi." Akasoma Marko 13:32, kwamba siku ile Mwana haijui. Akasoma Yohana 17:3 na Wakolosai 1:15. Mimi nikamtolea 1 Yohana 5, pale penye mashahidi watatu wa mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu. Akasema maneno hayo yaliongezwa baadaye. Nikamtolea "Mimi na Baba tu umoja", akafungua Yohana 17:22, Yesu anaomba wanafunzi wawe na umoja "kama sisi tulivyo umoja," akaniuliza, "Na wanafunzi nao ni Mungu?" Majirani wakacheka. Mwisho akasema Uungu wa Yesu ulipigiwa kura tu kwenye mtaguso wa maaskofu kule Nikea mwaka 325 kwa amri ya mfalme Konstantino. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu na asirudi mpaka amkiri Yesu. Mama mkwe alilia.

Ni mwezi wa nne sasa hatusemezani. Magunia 60 ya alizeti yake yamo ghalani kwangu, nimeyashikilia. Nimemwambia mke wangu sifanyi biashara na mpinga Kristo, nikamsomea 2 Yohana 10, tusimkaribishe nyumbani wala tusimpe salamu.

Wiki iliyopita binti yangu wa darasa la sita, anayejiandaa na kipaimara, akaniuliza, "Baba, kule Gethsemane Yesu alikuwa anamwomba nani, kama yeye ndiye Mungu?" Nikamjibu alikuwa anajiomba mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye huyo huyo Baba. Akaniuliza tena, "Kwa hiyo alikuwa anaigiza?" Nikamfokea mpaka akalia. Usiku ule sikupata usingizi.

Naomba unipe mistari ya kumnyamazisha shemeji. Na uniambie, kuyashikilia yale magunia nakosea?

Mzee wa Ipagala

*

Marahaba, baba.

Nianze na la magunia kwa sababu halina fumbo. Ndiyo, unakosea. Alizeti ile ni ya mtu, na huenda baadhi yake ni ya wakulima wa Kongwa ambao bado wanamdai. Sasa hivi watu wanasafisha mashamba, mvua ya Desemba hiyo inakuja, na wewe umefungia fedha ya mbegu ya watu ghalani kwa sababu ya Yohana 14:28. Sijui andiko lolote linalokuruhusu. Hilo la 2 Yohana ulisome kuanzia mstari wa 7. Wanaosemwa pale ni watu wasiokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili, yaani waliokana ubinadamu wake. Shemeji yako hajakana hilo hata kidogo. Aliyekaribia kulikana, nisamehe mwanangu, ni wewe, ulipomwambia mtoto maneno ambayo yakamfanya aone Gethsemane kama maigizo.

Mistari ya kumnyamazisha sikupi. Nimefundisha Maarifa ya Biblia sekondari miaka mingi na nimewaona vijana wa aina ya shemeji yako. Hawanyamazi, na hawapaswi kunyamazishwa. Mtu aliyetoka kilabuni akaanza kusoma Yohana mpaka anajua sura ya 17 inasema nini, huyo kaisoma injili kuliko wengi wanaoitikia Amina Jumapili. Mimi naamini kwamba Yesu ni Mungu, tena Mungu kweli, na nitakuonyesha kwa nini. Ila kwanza nataka ukubali kwamba siku ile kijana alikuwa na haki mara tatu, na wewe ulikasirika kwa sababu majirani walicheka. Yesu hakuhitaji umfukuze mtu kwa niaba yake.

Haki ya kwanza ni ile ya mashahidi watatu wa mbinguni. Ni kweli, maneno yale hayamo katika maandiko ya kale ya Kigiriki. Erasmus, msomi aliyechapa Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka katika chapa ya 1516 wala ya 1519. Aliyaingiza mwaka 1522 baada ya kulaumiwa. Tafsiri nyingi za siku hizi zimeyaacha au zimeyatia kwenye mabano. Mkristo anayeutetea Utatu kwa mstari huo anajengea mchangani, na akikutana na aliyejiandaa anaaibika, kama ulivyoaibika. Uache.

Ya pili ni ile ya "tu umoja." Peke yake haitoshi, na Yohana 17:22 ameitumia sawasawa. Ya tatu, mistari minne aliyokusomea imo kweli katika Biblia, na kanisa halijawahi kuifuta. Mwana anasema Baba ni mkuu kuliko yeye. Mwana anasema siku ile haijui. Anayetaka kumkiri Kristo lazima ayakiri na hayo.

Sasa twende kwa binti, maana swali lake ndilo swali lenyewe.

Ulimwambia Yesu ndiye Baba, akijiomba mwenyewe. Baba, hilo kanisa halifundishi. Katika karne ya tatu kule Roma alikuwapo mwalimu mmoja, Sabellius, aliyefundisha hivyo hivyo: Mungu ni mmoja tu anayejionyesha mara kama Baba, mara kama Mwana, mara kama Roho. Askofu Kalisto wa Roma akamtenga. Umemfukuza shemeji kwa kuukana Utatu, kisha miezi minne baadaye ukaukana wewe mezani mbele ya mtoto wa darasa la sita. Usijione mjinga lakini. Ule mfano wa barafu, maji na mvuke tunaowapa watoto wa Shule ya Jumapili ni mafundisho ya Sabellius yaliyovalishwa kanzu nyeupe, na mimi nimeufundisha miaka na miaka kabla mwanafunzi mmoja hajaniuliza kama barafu inaweza kuongea na mvuke.

Mwambie binti hivi. Yesu alikuwa anamwomba Baba yake, na alikuwa anaomba kweli, haigizi. Baba siye Mwana, na Mwana siye Baba. Tunaposema Yesu ni Mungu hatusemi kwamba yeye ni Baba. Tunasema kile alicho Baba, na Mwana ndicho alicho. Na huyo Mwana akawa mtu mzima mzima: akasikia njaa, akachoka, akaogopa usiku ule. Mtu huomba. Paulo anasema katika Wafilipi 2 kwamba mwanzo alikuwa "yuna namna ya Mungu," akatwaa namna ya mtumwa. Ndiyo maana anaweza kusema Baba ni mkuu kuliko mimi, na ndiyo maana anaweza kusema siku ile haijui. Mtoto akikuambia bado haelewi, mjibu kwamba na wewe huelewi yote. Hatakudharau kwa hilo. Mtoto humdharau anayemfokea.

Turudi kwa m ndogo. Hapa nitakaa kidogo, uniwie radhi, ni ugonjwa wa walimu.

Yohana 1:1 katika Biblia ya Union inamalizia, "naye Neno alikuwa Mungu." Katika tafsiri ya Mashahidi wa Yehova ni "naye Neno alikuwa mungu." Jaribu kumsomea mama mkwe wako hizo mbili akiwa amefumba macho. Hatasikia tofauti. Wala kwa Kigogo hutaisikia. Ukisema Mulungu umesema Mulungu, herufi kubwa haina mlio. Yohana naye hakuandika m kubwa wala ndogo, kwa sababu maandiko ya Kigiriki ya kale tuliyo nayo yameandikwa kwa herufi kubwa tupu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo usimwache mtu aseme kwamba "Biblia imeandika m ndogo," na wewe usiseme imeandika kubwa. Mfasiri ndiye aliyeamua.

Kilichopo kwenye Kigiriki ni kitu kingine. Lugha ile ina kineno kidogo kinachotangulia jina, ambacho sisi Waswahili hatuna. Yohana anaposema Neno "alikuwako kwa Mungu," kineno kipo. Anaposema Neno "alikuwa Mungu," hakipo. Hapo ndipo wanaposimama wanaosema mungu mdogo. Lakini shuka katika sura hiyo hiyo: mstari wa 6, mtu "ametumwa kutoka kwa Mungu," kineno hakipo. Mstari wa 12 hakipo, wa 13 hakipo, na wa 18, "hakuna mtu aliyemwona Mungu," nako hakipo. Hakuna anayefasiri kwamba Yohana Mbatizaji alitumwa na mungu mdogo. Zaidi ya hapo, kama Yohana angekiweka kineno kile katika mstari wa kwanza, angekuwa anasema Neno ndiye huyo huyo Baba, na Sabellius angeshinda. Alivyoandika anasema mambo mawili kwa pumzi moja: Neno yuko na Mungu, na Neno kwa asili yake ni Mungu. Ni sentensi iliyopimwa kwa mizani ya duka la dhahabu.

Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote," shemeji anaielewa kwamba Yesu ni kiumbe cha kwanza. Mpe Zaburi 89:27, ambapo Mungu anaahidi kumfanya Daudi mzaliwa wa kwanza. Daudi alikuwa kitinda mimba wa Yese! Mzaliwa wa kwanza hapo ni cheo cha mrithi. Na Paulo mwenyewe anaendelea mstari wa 16 kwamba vitu vyote viliumbwa katika yeye.

Ila nikiwa na sura moja tu ya kukaa nayo na shemeji yako, ningechagua Yohana 20. Mstari wa 17, Yesu aliyefufuka anamwambia Mariamu anapaa kwenda kwa Baba yake na Baba yenu, kwa Mungu wake na Mungu wenu. Mstari wa 28, Tomaso anamwambia Yesu, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Yesu ana Mungu, na Yesu anaitwa Mungu, katika sura moja, kwa kalamu moja, mistari kumi tu katikati. Mwandishi hakuona haya wala hakufuta. Kijana atakuja na mstari wa 17, wewe utakuja na wa 28, na mkiendelea hivyo kila mmoja atarudi nyumbani na nusu ya sura. Muulize tu Yesu alimjibuje Tomaso. Hakumkemea. Linganisha na Matendo 14, Paulo na Barnaba walipoitwa miungu kule Listra wakararua mavazi yao. Linganisha na Ufunuo 22, malaika anayemkataza Yohana kumsujudia. Wako wanaosema Tomaso alishtuka tu, kama mtu anavyosema "Mungu wangu!" akiona nyoka. Andiko linasema "akamwambia." Aliyeambiwa ni Yesu.

Kisha mfungulie Warumi 10:13, "kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka." Paulo anamnukuu Yoeli 2:32. Nenda kwa Yoeli katika Union uone: BWANA, herufi kubwa zote, ambapo Kiebrania kina jina lile la Mungu, Yehova, ambalo watu waliokuja kwa shemeji wanalithamini sana, na wana sababu. Paulo analichukua andiko la jina hilo na kulitia katika hoja ambayo, mstari wa 9 tu, imemwita Yesu Bwana. Anafanya hivyo tena katika Wafilipi 2 kwa kila goti kupigwa, maneno ya Isaya 45:23 ambayo Mungu aliyasema juu yake mwenyewe. Mimi hapo ndipo imani yangu inaposimama, kuliko kwenye ubishi wa herufi. Wayahudi kama Paulo walikariri tangu utoto kwamba Bwana ni mmoja, na bado wakampa Yesu magoti ambayo Isaya aliyaweka kwa Mungu peke yake.

La Nikea nalipitia haraka. Kura haikuuzaa Uungu wa Yesu. Mnamo mwaka 112 hivi, Pliny, gavana wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukusanyika kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Pliny hakuwa Mkristo, alikuwa akiwahukumu. Hiyo ni zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mtaguso, na mji wa Nikea wenyewe uko katika Bithinia hiyo hiyo. Wala Konstantino si shujaa wa upande wetu: alipokuwa anakufa mwaka 337 alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario, yule padri aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na ambaye Nikea ilimkataa, na mwana wa mfalme huyo, Konstansio, aliwaunga mkono wapinzani wa Nikea. Athanasio, askofu aliyekuwa mtetezi mkubwa wa Nikea, alifukuzwa Aleksandria mara tano. Amri za wafalme zilivuma pande zote mbili. Shemeji ana chembe ya kweli hapa pia: lile neno la Kigiriki ambalo kwenye Nasadiki linafasiriwa "mwenye umungu mmoja na Baba" halimo katika Biblia, na hata baadhi ya maaskofu waliomkataa Ario walilionea shaka kwa sababu hiyo hiyo.

Ukishamaliza kuyasoma haya usimpigie simu. Kukutana kwenu kukiwa kwa simu mtapigana tena. Pima alizeti yake, andika hesabu ya miaka yote mnayokumbuka, na safari hii muandikiane karatasi. Kodi gari, mpelekee Kibaigwa magunia yote 60, au kama mtakubaliana ukamue, mpelekee fedha yake taslimu. Mama mkwe umchukue mwende naye. Alilia nyumbani kwako, na ashuhudie ukirudisha. Mwombe radhi mbele yake kwa kumtoa mlangoni. Usiombe radhi kwa kuamini kwamba Yesu ni Mungu, hajakudai hilo.

Akikwambia anataka kuendelea na biashara, endelea. Akitaka mjadili Maandiko, msome Yohana 20 yote kwa sauti, zamu kwa zamu, asikatwe mtu. Inawezekana mwisho wa siku bado hamtakubaliana, na wewe ukisali mezani kwako utaendelea kusali unavyoamini, naye asipoitika Amina umwache ale.

Binti naye apate nafasi kwenye gari. Ameshauliza swali la kwanza, la pili haliko mbali, na ni vizuri mjomba wake awepo siku litakapotoka.

Bibi Mwalimu